Harita za Bi Rukia na Kuku Waliokumbuka

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa beseni la chupa chafu nikaambiwa nisitie sabuni.

"Hapa hatuoshi kama jikoni kwenu," alisema Msimamizi wa Maabara, mama mrefu wa Kikamba anayekaa Chaani, ambaye sote tulimwita Madam. "Sabuni ikibaki kwenye chupa, hata kiduchu, kesho itatudanganya. Tia maji ya moto, halafu maji ya mvuke, halafu tena, mpaka nikwambie basi."

"Mpaka lini, Madam?"

"Mpaka nikwambie basi."

Nawaandikia nyinyi mnaomaliza kidato cha nne sasa, mnaokaa Junda na Likoni na Changamwe mkiulizana kazi ziko wapi. Mimi nimeshaingia kazini, nimeifanya, na nimeshastaafu, na bado sijafika hata miaka ishirini na tano. Kustaafu kwenyewe ni kwamba mradi uliisha. Lakini mambo niliyoyaona mle ndani sitaki yakae mpaka niote mvi ndipo niyasimulie. Mimi si mtu wa kungoja. Madam alilijua hilo siku ile ile, ndiyo maana aliniweka kwenye chupa kwanza.

Kituo chetu kilikuwa Kisauni, ua mmoja wenye vyumba vinne na banda la kuku nyuma. Ukipita nje ungedhani ni zahanati iliyofungwa. Kazi yake ilikuwa kutafuta kichocheo cha chanjo kwenye mimea. Mimi sikujua maana yake, na kwa wiki nzima niliosha chupa bila kujua ninamwoshea nani. Mwishowe nilishindwa. Nikamfuata Daktari, mkuu wa mradi, mtu wa Kakamega, mpole, Mkatoliki asiyekosa misa, anayekunywa chai ya maziwa kikombe kikubwa kama ndoo.

"Daktari, samahani. Mimi naosha tu. Tunatafuta nini hapa?"

Hakukasirika. Aliweka kikombe chini.

"Kuna chanjo ambayo ni kirusi kilichouawa. Tunamdunga kuku kile kilichokufa ili mwili ukijue sura, siku kizima kikija ukipige. Sasa shida ni kwamba mwili hauogopi maiti. Unaiangalia, unapiga miayo, unalala. Lazima awepo mtu wa kupiga kelele. Nyinyi huko Junda mwizi akiingia mtaani mnafanyaje?"

"Tunapiga ukelele, Daktari. Mwiziii! Watu wote wanatoka, hata aliyekuwa anaoga anatoka na povu."

"Basi. Kirusi kilichokufa ni picha ya mwizi. Kichocheo ni ule ukelele. Ukivitia pamoja, mwili unaamka, unaitazama ile picha vizuri, na hausahau."

Nilisimama pale na chupa mkononi. Darasani tulisoma chanjo ukurasa mmoja, tukajibu maswali, tukafunga kitabu. Hakuna aliyetuambia kwamba ndani ya kuku kuna mtaa mzima unaolala na kuamka.

Daktari akaendelea kwamba mimea mingine ina kitu kinaitwa saponini, yaani sabuni ya mmea yenyewe. Mmea unakitengeneza kujikinga na wadudu. Ukikitikisa kwenye maji kinatoa povu, na ukikitumia kwa kipimo chake kinapiga ukelele huo mwilini. Kichocheo cha namna hiyo kinatolewa kwenye gome la mti wa ng'ambo, lakini yeye alikuwa anatafuta wa huku.

"Povu la mmea?" nikamuuliza. "Kama harita?"

"Harita ni nini?"

Nikacheka. Mtu amesoma mpaka mwisho wa kusoma na hajui harita! Lakini kwao haipo, angejulia wapi.

Harita ni tunda la mti uitwao mharita. Ni dogo, kahawia, lina ganda la kunata, na ndani mna kokwa nyeusi ngumu ambazo tulichezea kama gololi. Zamani bibi zetu walifulia hariri na kuoshea dhahabu kwa maganda yake. Siku hizi miti yake imekatwa karibu yote. Jirani yetu mmoja, Bi Rukia, alikuwa nao mmoja uani, na kazi yake ya miaka yote ilikuwa hiyo: arusi ikikaribia, watu wanamletea vikuku na mikufu ya bibi arusi, naye anavirowesha kwenye maji ya harita na kuvisugua mpaka vinawaka. Hata dhahabu ya mama yangu ilipita mikononi mwake.

Nikampeleka Daktari jioni ile ile. Yeye alitaka tungoje Jumatatu, nikamwambia Jumatatu ni mbali.

Tulipoingia uani tulimkuta Mahmud, mtoto wa kaka yake Bi Rukia, anachomeka vigingi na kufunga kamba. Alikuwa anapima msingi wa vyumba vya kupangisha, na mstari wa kamba yake ulipita katikati ya shina la mharita.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, mwanangu. Mgeni huyu nani? Mbona umemleta bila kuniambia, hata maji hajapewa? Karibu, ndoo uketi, baba, keti."

Nikamweleza. Bi Rukia alisikiliza mkono shavuni, Mahmud akasikiliza akiwa ameshika nyundo.

"Ati kuku watadungwa harita?" Mahmud akaangua kicheko. "Zuhura! Shule yote ile, umekuwa daktari wa kuku? Shangazi, hawa wanakuchezea. Mti unakatwa. Nishamwita fundi wa msumeno."

"Wewe nyamaza kwanza," Bi Rukia akamwambia. Akamgeukia Daktari. "Nambia kweli. Hiyo dawa yenu itafaa?"

"Sijui, mama," Daktari akasema. "Ndiyo maana tunajaribu."

Nilitaka kuzama chini kwa aibu. Mtu anaombwa matunda, anasema hajui! Lakini Bi Rukia aliitikia kwa kichwa kama aliyeridhika.

"Huyu hasemi uongo. Basi sikilizeni nyote wawili. Mahmud ni mwanangu, ana watoto, vyumba anavihitaji, na mimi siwezi kumzuia kwa ajili ya mti wa kuoshea vikuku. Lakini kama mti huu una kazi nyingine ambayo hatukuijua, kuukata ni dhambi. Chukueni harita. Kuku wakisema ndiyo, mti unabaki. Wakisema la, Mahmud, leta msumeno wako."

"Wallahi?" akauliza Mahmud.

"Wallahi."

Mahmud akaweka nyundo mfukoni. "Haya. Nangoja kuku."

Tangu siku ile sikulala vizuri. Mimi ndiye niliyefungua mdomo kuhusu ule mti.

Nilipandishwa kutoka kwenye chupa nikapelekwa chumba cha kukamulia. Chumba kipya, sheria mpya, Madam yule yule. Kukamua si kama kukamua ndimu. Unabandua ganda, unalikausha kivulini, si juani, kwa sababu jua linaliunguza. Unalitwanga likawa unga, unaurowesha kwenye spiriti na maji, unachuja, halafu unayatia yale maji kwenye chupa ya mviringo inayozunguka polepole juu ya maji ya uvuguvugu mpaka spiriti yote iruke. Kinachobaki ni kitu cha manjano kama asali iliyoganda. Nilikuwa nauliza, "Madam, bado?" naye anajibu, "Bado." Mwishowe akawa anajibu kabla sijauliza.

Tulianza na konzi moja niliyoiokota mwenyewe chini ya mti. Madam akachukua kichupa cha damu ya kuku iliyozimuliwa, nyekundu, nzito, huoni ng'ambo yake. Akadondosha tone moja la ile asali yetu iliyokolea. Mbele ya macho yangu damu ikafunguka. Ikawa angavu kama sharubati ya zabibu, nikaona vidole vyake upande wa pili.

"Imefanya nini?"

"Imepasua chembe zote," Madam akasema. "Ndiyo nguvu yake. Ikizidi inaua. Kazi ya Daktari ni kuifunga hasira."

Halafu akanionyesha kipimo cha madoa. Unaweka tone kwenye ubao mdogo mweupe, unasimamisha ubao kwenye kimiminika, kinapanda taratibu na kulibeba tone, na kila kitu kilichomo kinashuka kituo chake kama abiria. Ukinyunyizia dawa, madoa yanajitokeza. Harita ya ile konzi ilitoa madoa ya zambarau yaliyopangika, safi. Daktari aliutazama ule ubao akasahau chai yake ikapoa. Akasema, "Huu mti unajua kazi."

Ndipo zikaja harita gunia mbili.

Bi Rukia alizileta mwenyewe kwa tuktuk, matunda yaliyochumwa vizuri, yamechaguliwa, yamepangwa kwenye magunia mapya yaliyoshonwa mdomo kwa uzi mwekundu. Tulizikamua zote. Spiriti karibu yote ya mradi iliishia mle. Na Madam alipotoa ubao wa madoa, yale ya zambarau yalikuwepo, lakini nyuma yake palikuwa na mchirizi wa kahawia, mchafu, umekwaruza kutoka chini mpaka juu kama moshi ukutani.

Madam alidhani chupa hazikuoshwa. Tukaosha upya, tukapima upya. Mchirizi. Akadhani spiriti mbovu, tukapima spiriti peke yake. Safi. Akaanza kudhani ni mti mwingine, Mahmud katuchezea. Mimi nikaapa kwamba Junda nzima hakuna mti mwingine. Daktari akaja mezani. Alichukua kila chupa, akaipasha moto kidogo, akaifungua, akanusa. Ya pili, akanusa. Ya tatu akasimama nayo puani.

"Zuhura, njoo. Mbona hii chupa inanuka kanisa?"

"Kanisa, Daktari?"

"Kanisa siku ya Pasaka. Padri akizungusha ule moshi. Hujasikia?"

Nikanusa. Sikusikia kitu. Nikanusa tena, pua ndani kabisa, bado sikusikia. Madam naye akanusa, akasema, "Woi, kweli. Lakini mimi nilidhani ni wewe, Zuhura. Wewe hunuka hivi kila siku."

Hapo ndipo nikaketi chini.

"Si kanisa," nikasema. "Ni udi. Kwetu hunukia hivi, nimezoea, siusikii tena. Bi Rukia amezifukiza harita."

Nikawaeleza. Kwetu ukimpa mtu kitu cha heshima hukipi kikavu. Nguo ya arusi, kanga za zawadi, hata shuka za mgeni, unavitandaza juu ya tenga, unaweka chetezo chenye makaa na udi chini yake, moshi unaingia mpaka kwenye uzi. Ndiyo namna ya kumwambia mgeni kwamba ulimngoja. Bi Rukia alikuwa ameyafukiza matunda ya kuku kama mahari.

Daktari aliweka chupa chini polepole sana.

"Kwa hiyo ametuheshimu," akasema.

"Sana, Daktari."

"Na siwezi kumdunga kuku hata tone moja. Moshi una vitu mia. Kuku wakiamka sitajua nani aliyewaamsha, harita au udi."

Chupa zote zikamwagwa. Nilitazama ile asali ya manjano ikiingia kwenye pipa la taka, nikauona mti unaanguka.

Ilibidi niende mimi kumwambia Bi Rukia. Daktari alitaka kuja, nikamkataza, jambo kama hili haliletwi na mwanamume mgeni. Bi Rukia alinisikiliza mpaka mwisho, uso ukabadilika rangi.

"Mimi nimewaharibia?"

"La, bibi. Wewe umefanya adabu. Maabara ndiyo isiyoweza kuipokea."

"Nilitia udi wa mbao, mwanangu. Ule mzuri. Niliuweka kwa ajili ya arusi ya mjukuu wangu." Halafu, bila kutaka, akaanza kucheka, na mimi nikacheka, tukacheka mpaka Mahmud akaja kuuliza kumekuwaje. Alipoambiwa hakucheka.

"Basi imekwisha. Kuku hawakusema kitu. Mti wenyewe umechumwa wote, hadi mwakani."

"Mwakani mradi haupo," nikamwambia.

Bi Rukia akainuka, akaingia jikoni, akatoka na bati la zamani la biskuti. Lilikuwa limejaa harita kavu mpaka mdomoni.

"Hizi je?"

Nikanusa kwanza, halafu nikakumbuka kwamba pua yangu haina kazi. "Umezifukiza, bibi?"

"Hizi ni zangu za kuoshea dhahabu. Nani atajifukizia vyombo vyake vya kazi? Nilifukiza zenu kwa kuwa nyinyi ni wageni."

"Na dhahabu ya mjukuu?"

"Itaoshwa kwa sabuni ya mche kama ya watu wengine. Atanisamehe. Chukua, kabla sijajuta."

Lakini bati halikutosha, nilijua kwa kulitazama tu. Juu kabisa ya mti kulikuwa na vishada vilivyosalia, mahali wachumaji walipoogopa kufika. Niliinua macho. Mahmud akaona ninakotazama.

"Shangazi, ukinitazama hivyo utanifanya nini?"

"Mimi sijakutazama."

"Mnanitazama nyote!" Akavua viatu. "Haya, napanda. Lakini jueni, napanda ili jambo hili liishe upesi. Nikishuka, fundi wangu yuko tayari." Akapanda mti anaotaka kuuangusha, anatukana kwa sauti ya chini, na harita zikaanza kutunyeshea vichwani. Bi Rukia alizikinga kwa kanga yake.

"Zisiguswe na udi!" nikapiga kelele.

"Sina hata makaa, we mwana!"

Safari hii tulikamua kidogo, kwa woga. Ubao wa madoa ukatoka zambarau tupu. Madam aliubusu. Madam, ambaye sijawahi kumwona akitabasamu kabla ya saa nne asubuhi.

Halafu ikaja ile kazi ya kufunga hasira. Daktari alichanganya saponini na mafuta aina mbili, kwa vipimo vidogo ambavyo jicho halivioni, na akapeleka tone kupigwa picha kwa hadubini kubwa, kwingine. Picha iliporudi aliniita. Mule ndani mlikuwa na vitu vidogo vya mviringo, vina matundu matundu, vimesukika. Hakuna mtu aliyevisuka. Vilijisuka vyenyewe ndani ya maji.

"Unaona nini?"

"Matenga," nikasema. "Matenga ya kubebea kuku!"

"Ndiyo. Kirusi kilichokufa kinakaa hapo. Harita iliyofungwa hivi haipasui damu tena, inapiga ukelele tu."

Nilitazama ile picha mpaka akanitoa chumbani. Naapa tangu hapo sijawahi kuliona tenga sokoni nikalipita tu.

Kituo changu cha tatu kilikuwa bandani, chini ya Mkuu wa Banda, mzee wa Kigiriama aliyeongea na kuku kuliko na watu. Tulikuwa na makundi matatu. Wenye pete nyekundu mguuni walidungwa chanjo ya kideri pamoja na harita. Pete ya manjano, chanjo peke yake. Pete nyeupe, maji ya chumvi tu. Kideri ni ule ugonjwa unaoingia mtaani na kuacha mabanda matupu, kila mtu wa Junda anaujua, mama yangu umemmalizia kuku mara nyingi. Hapa hakuna aliyeambukizwa ugonjwa wenyewe. Tulitaka kujua kama miili yao imeikumbuka picha.

"Sasa?" nikamuuliza Mkuu wa Banda, mara tu sindano ya mwisho ilipotoka.

"Sasa tuwape maji."

"Halafu?"

"Kesho tuwape maji tena."

"Mzee, hakuna njia ya kuharakisha?"

"Ipo. Lala." Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, huko ndani yao kuna watu wanafanya kazi. Wewe ukisimama hapa unauliza bado, bado, watapoteza hesabu."

Kila jioni nikirudi nyumbani nilipita kwa Bi Rukia. Mahmud alikuwa amejenga msingi pande zote mbili za mti na kuacha pengo katikati. Msumeno ulikuwa umeegemezwa shinani, tayari. Hakuuondoa. Alikuwa ananiuliza, "Kuku hawajambo?" na mimi najibu, "Wanakusalimu."

Siku ya kupima, Daktari aliagiza Bi Rukia aitwe. Madam alimvisha koti jeupe juu ya buibui na kumpa kiti kirefu. Tulitoa damu kidogo chini ya bawa la kila kuku, tukaiacha igande, tukachukua yale maji yake ya juu. Ndani ya maji hayo ndimo wanamokaa askari wa mwili, yaani kingamwili, kama wapo.

Ngoja niwaeleze kipimo chenyewe, maana ndicho kilichonifanya niandike. Kuna sahani ya plastiki yenye vishimo vingi vilivyopangwa safu safu kama bao. Kirusi cha kideri kina tabia ya kushika chembe nyekundu za damu na kuzifunga pamoja, kwa hiyo kikiachwa peke yake na damu, chembe zinashikana na kutandazika chini ya kishimo kama mkeka. Lakini kama kuku ana askari, wao wanavikamata virusi kwanza. Chembe zinabaki huru, zinateremka, zinakusanyika chini kabisa kitone kimoja chekundu. Sisi tulikiita kifungo. Na kila ukisogea kishimo kimoja mbele, unapunguza askari nusu. Kwa hiyo unauliza swali moja tu: vifungo vinafika wapi?

Madam alitia vyote, akafunika, akasema, "Bado."

"Sijauliza."

"Najua."

Safu za pete nyeupe zilitandazika zote, mkeka mwanzo mpaka mwisho. Kuku hawa hawakumjua mwizi. Safu za manjano zilionyesha vifungo mwanzoni, viwili, vitatu hivi, halafu mkeka. Bi Rukia aliuliza, "Nyekundu ndizo zangu?" Madam akaitikia kwa kichwa.

Kifungo. Kifungo. Kifungo. Safu ilipita pale manjano iliposimama na haikusimama. Niliishika meza. Chembe zilikuwa bado zinashuka, unaona kabisa wekundu unajikusanya, unakuwa duara, katika kishimo ambamo askari wamebaki wachache kiasi kwamba akili haikubali wapo. Madam akainamisha sahani kidogo kuhakikisha. Vifungo vikachuruzika upande mmoja, vyote pamoja, safu nzima ya machozi mekundu.

Nje jogoo aliwika, Bi Rukia akatabasamu.

"Rudieni," Daktari akasema.

Tukarudia. Ikawa vile vile.

"Mama," Daktari akamwambia Bi Rukia, na akaketi ili awe sawa naye, "nisikudanganye. Kuku ni wachache. Lazima wengine wajaribu, kwingine, mara nyingi, na kwa binadamu ni safari ndefu mno, pengine haitafika. Lakini hawa kuku wako wamekumbuka."

Bi Rukia aliishika sahani kwa ncha za vidole kama anavyoshika mkufu wa mtu.

"Miaka yote nikiosha dhahabu," akasema, "nilikuwa namwaga yale maji uani." Akafuta macho kwa mkono wa koti la Madam. "Subhanallah. Nilikuwa namwaga."

Tulirudi Junda pamoja. Mahmud alikuwa amekaa juu ya matofali.

"Wamesema?"

"Wamesema."

"Wamesemaje?"

"Kamuulize mwashi wako kama anajua kujenga nyumba iliyopinda," shangazi yake akamjibu.

Mahmud alimtazama, akanitazama mimi, akautazama mti. Nilidhani atatukana. Aliinuka, akauchukua msumeno shinani, akaufunga kwenye gunia. "Kuku," akasema. "Nimeshindwa na kuku." Kesho yake kamba ilikuwa imezunguka shina, na vipimo vya vyumba vimepigwa kona.

Mradi uliisha kama ilivyopangwa. Daktari alihamishiwa bara kuendelea na kazi, na Madam akapata kazi bandarini kwenye maabara ya kupima vyakula. Mkuu wa Banda alistaafu kweli kweli, na mimi nikastaafu hivi nilivyostaafu. Tuliagana kwa mahamri na soda. Daktari alinipa mkono akasema nirudi shule. Ninajaribu. Karo na nafasi vina mambo yake, lakini naijua kazi ninayoitaka, na wengi wa rika langu hawaijui yao.

Nyinyi mnaosoma hii, mtaambiwa maabara ni mashine. Mashine zipo. Lakini mimi nilichokiona ni kwamba kila kitu kina kitu kingine ndani yake, na kile nacho kina kingine. Ndani ya ganda mna povu, ndani ya povu mna tenga, ndani ya kuku mna mtaa. Na vyote vinafanya kazi yake bila kungojea mimi niulize bado. Bado nauliza, lakini sasa nikiuliza najua ninachokingoja.

Wiki iliyopita nilipita kwa Bi Rukia kumjulia hali. Wapangaji wa Mahmud walikuwa wameanika nguo kwenye ile kona. Niliinua macho kwenye mharita, nikaona vishada, vidogo, vya kijani, mti mzima. Sikungoja hata kutoka uani. Nikampigia Daktari.

"Daktari, mti umezaa! Umezaa kuliko mwaka ule!"

Nikasikia kikombe kinawekwa chini.

"Nakuja zikikomaa," akasema. "Zuhura, mwambie Bi Rukia, tafadhali sana, kwa heshima zote, asizifukize."

Nikamfikishia. Bi Rukia alikuwa amekaa kibarazani anasugua kikuku cha mtu, wala hakuinua kichwa.

"Mwambie matunda sitayagusa," akasema. "Udi nimeshanunua. Safari hii atafukizwa yeye."